Mfumo wa mauzo: wa kupakua milioni 13, wa wavuti milioni 6.5. Tofauti hii inatoka wapi?

#1 DukaLaNgamiani
Habari zenu wanajukwaa. Nina duka la jumla la vinywaji hapa Ngamiani, Tanga, na stoo mbili, moja Makorora na nyingine Pongwe. Vijana wangu sita huzunguka na pikipiki kuchukua oda za maduka ya rejareja, na njia zao zinafika Muheza na Pangani. Hadi leo oda huandikwa kwenye daftari, jioni hutumwa kwa WhatsApp, na kila mwisho wa mwezi tunakuta kreti ambazo hakuna anayejua zilikokwenda.

Nimeomba bei kwa mafundi wawili. Wa kwanza atanitengenezea mfumo wa wavuti, ambao vijana wataufungua kwenye kivinjari cha simu, kwa shilingi 6,500,000. Wa pili atanitengenezea programu ya kupakua, iliyoandikwa kwa ajili ya Android yenyewe, kwa shilingi 13,000,000, na nikitaka ya iPhone pia ananiongezea 9,000,000. Kazi niliyowaeleza ni moja: kuchukua oda, kuona salio la stoo, kumpa mteja stakabadhi ya fedha aliyolipa, na mimi kuona deni la kila duka. Naomba anayejua anieleze tofauti hii inatoka wapi, na kama bei ndogo ya leo haitakuja kuwa kubwa kesho.

#2 FundiMifumo_Sahare
Dada yangu, mimi hutengeneza vyote viwili, kwa hiyo sina sababu ya kuupigia debe upande mmoja. Unacholipia ni siku za kazi. Mfumo wa wavuti huandikwa mara moja, na kivinjari cha Android, cha iPhone na cha kompyuta ya ofisini vyote vinausoma. Programu ya Android huandikwa kwa lugha ya Kotlin au Java, na ya iPhone huandikwa kwa lugha ya Swift, tena kwenye kompyuta ya Mac, kwa sababu Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu hizo, haifanyi kazi kwingineko. Hizo ni kazi mbili tofauti ambazo kwa nje zinafanana. Ukigundua kesho kwamba hesabu ya kreti tupu imekosewa, kwenye wavuti nitarekebisha asubuhi na mchana vijana wote watakuwa na marekebisho hayo, ilhali kwenye programu za kupakua nitarekebisha mara mbili, nitazipeleka zikaguliwe, kisha tutasubiri kila mmoja asasishe simu yake.

#3 Kijana_Chumbageni
Nakubaliana na #2 nusu tu. Ninavyofahamu mimi, mzigo mkubwa wa programu za kupakua ni maduka yenyewe ya programu, kwa sababu Google na Apple hukata asilimia 30 ya mauzo. Kwa upande mwingine, programu ya kupakua hukaa ndani ya simu, hivyo hulipii seva, na kwa miaka michache bei inaweza kurudi palepale.

#4 Mhasibu_Raskazone
Kaka, hapo kuna makosa mawili, na yote mawili yanaweza kumwingiza dada hasara.

Asilimia 30 inahusu bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya programu. Kreti ya soda inayobebwa kwa pikipiki haikatwi chochote. Hata kwenye bidhaa za kidijitali, tangu 2021 wafanyabiashara wadogo hukatwa asilimia 15 kwenye mapato ya hadi dola milioni moja kwa mwaka. Ada za kujiandikisha ni ndogo: Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, na Apple dola 99 kila mwaka. Ukiweka dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni 62,500 kwa Google, na 247,500 kwa mwaka kwa Apple. Ada hizo haziwezi kueleza tofauti ya milioni sita na nusu.

La pili ni seva. Vijana sita wanachukua oda kutoka kwenye stoo zilezile. Simu ya kijana aliyeko Pangani itajuaje kwamba aliyeko Pongwe ameshauza kreti za mwisho? Lazima pawe na mahali pamoja panapotunza hesabu, na mahali hapo ni seva, mfumo uwe wa kupakua au wa wavuti.

Nashauri tupige hesabu ya miaka mitatu badala ya kutazama bei ya siku ya kwanza. Tuchukulie seva ni 600,000 kwa mwaka kwa mifumo yote miwili, na matengenezo ni 1,200,000 kwa mwaka kwa wavuti na 2,000,000 kwa Android. Viwango hivyo ni makadirio yangu kutokana na wateja ninaowafanyia vitabu. Wavuti itafika 11,900,000 na Android itafika 20,862,500. Tofauti inapanuka, hairudi palepale kama #3 anavyosema.

#5 Kijana_Chumbageni
Nimesahihishwa vizuri, asante. Naomba kuuliza tu: kwa nini matengenezo ya Android umeyaweka juu?

#6 FundiMifumo_Sahare
Nimjibie mhasibu. Kila mwaka Google hutoa toleo jipya la Android, na Google Play hudai kwamba masasisho yalenge toleo la karibuni, lisilopitwa kwa zaidi ya mwaka mmoja hivi. Programu ambayo haikuguswa kwa miaka kadhaa hufika mahali haionekani dukani kwa mtu mwenye simu mpya, hata kama inafanya kazi vizuri. Kwa hiyo hata usipotaka badiliko lolote, fundi atakutoza kazi ya kila mwaka. Ukurasa wa wavuti ulioandikwa vizuri miaka kumi iliyopita, kwa sehemu kubwa, unafunguka leo.

#7 Maziwa_Muheza
Wahasibu na mafundi, shikamooni. Ninaheshimu hesabu zenu, lakini ndani yake sijaona mtandao unaokatika, nami naona ndiyo gharama kubwa kuliko zote.

Nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa upande wa Muheza. Tulianza na mfumo wa wavuti kwa sababu ulikuwa rahisi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wafugaji wamepanga madumu, mpimaji ana kipima maziwa mkono wa kulia na simu ndani ya mfuko wa nailoni mkono wa kushoto, kwa sababu vidole vimelowa. Anaandika lita kumi na nne za mfugaji wa kwanza, anabonyeza kuhifadhi, na kiduara kinazunguka. Kinazunguka mpaka kivinjari kinasema hakuna intaneti, na lita zile kumi na nne zimepotea. Mpimaji akatoa daftari mfukoni, na tangu siku ile akawa anaandika kwenye daftari kwanza, kisha saa nne anakwenda barabarani penye mtandao kuingiza upya majina arobaini. Tulikuwa tunalipia mfumo na daftari kwa pamoja, na saa mbili za mpimaji kila siku juu yake. Baada ya miezi saba tulitengeneza programu ya kupakua ambayo huhifadhi kila kitu ndani ya simu na kutuma mtandao ukirudi. Tulilipa mara mbili, na ile mara ya kwanza, iliyoitwa rahisi, ndiyo iliyotupotezea.

#8 Binti_Pangani
Pole sana, kaka wa Muheza. Hata hivyo, nadhani lililowaangusha halikuwa wavuti, bali mfumo wa wavuti ambao hakuna aliyeuagiza ufanye kazi bila mtandao. Mimi nina ghala la nazi huku Pangani, na mfumo wangu ni wa wavuti. Mara ya kwanza kuufungua unajihifadhi kwenye simu, na kurasa hufunguka hata ukiwa katikati ya mashamba bila mtandao. Nazi zinapohesabiwa, idadi inaingia kwenye hifadhi ya kivinjari na kusubiri. Ikoni yake iko kwenye skrini ya simu kama programu nyingine yoyote, na vijana wangu hawajui kwamba si ya kupakua.

#9 FundiMifumo_Sahare
Anachosema #8 ni kweli, ila kiongezwe na bei yake. Uwezo wa kufanya kazi bila mtandao ni kazi nzito kwenye mifumo yote miwili. Vijana wawili wakiuza kreti zilezile kumi huku wote hawana mtandao, ni nani atakayekubaliwa simu zikirudi hewani? Hilo si swali la Kotlin wala la wavuti, ni swali la kanuni za biashara yako, na fundi lazima akae na wewe mlitatue kabla hajaandika mstari mmoja. Tena kwa wenye iPhone kuna tahadhari: tangu 2020 Safari hufuta data iliyohifadhiwa na tovuti ambayo mtumiaji hajaigusa kwa siku saba za kukitumia kivinjari. Mfumo uliowekwa kwenye skrini ya mwanzo haumo katika kanuni hiyo, kwa hiyo hatua ya kuuweka pale ifundishwe kama sehemu ya mafunzo.

#10 Maziwa_Muheza
Binti wa Pangani, nakubali kwamba sisi hatukuagiza. Lakini nikuulize: je, unachapisha stakabadhi? Tulinunua printa ndogo ya Bluetooth, ile ya karatasi ya milimita 58 inayovaliwa kiunoni, na mfumo wa wavuti haukuiona kabisa. Simu iliiona, mfumo haukuiona.

#11 FundiMifumo_Sahare
Sababu ni hii. Chrome ya Android, kabla ya matoleo ya 2025, iliweza kuzungumza na vifaa vya Bluetooth vya aina inayotumia nishati ndogo tu, na printa nyingi za bei nafuu hutumia Bluetooth ya zamani. Safari ya iPhone haina uwezo huo hata kidogo. Programu ya kupakua ya Android huzifikia zote. Dada wa Ngamiani ametaja stakabadhi kwenye #1, kwa hiyo kabla ya kuchagua mfumo achukue printa anayoikusudia, ampe fundi wa wavuti, na aombe aone karatasi moja ikitoka mbele ya macho yake.

#12 Mhasibu_Raskazone
Kwa kuwa tumefika kwenye stakabadhi: karatasi hiyo haichukui nafasi ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, inaitambua. Kama dada anataka mfumo wake uunganishwe na risiti za kielektroniki, kazi hiyo hufanyika upande wa seva, na bei yake inapaswa kukaribiana kwa mafundi wote wawili. Fundi anayeidai mara mbili aulizwe.

#13 Mzee_wa_Mkonge
Wanangu, nimesoma yote. Mnaposema mtandao, mnafikiria minara ya Muheza na Pangani peke yake. Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na sisi wa Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Siku zile nilikuwa kwa mjomba wangu hapa mjini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mfumo wa wavuti ambao seva yake iko Ulaya. Minara ilifanya kazi, simu zilipigika, lakini mfumo haukufunguka, na wateja walirudishwa wakiwa na fedha mkononi. Kwa hiyo swali la mahali seva ilipo lina uzito sawa na swali la kupakua au wavuti, nami sijaona aliyeliuliza.

Niongeze na kumbukumbu moja. iPhone ilipotoka mwaka 2007, Steve Jobs wa Apple aliwaambia watengenezaji waandike programu za wavuti, na duka la programu lilikuja baadaye, Julai 2008. Ubishi huu mnaoubishana ni wa tangu siku ya kwanza, na mmoja wa walioianzisha kampuni yenyewe alihama upande ndani ya mwaka mmoja.

#14 Binti_Pangani
Shikamoo, mzee wetu. Alihama kwa sababu vivinjari vya wakati ule vilikuwa dhaifu. Hata ujumbe wa kumstua mtumiaji haukuwezekana kwenye mfumo wa wavuti wa iPhone mpaka toleo la 16.4 la iOS, mfumo endeshi wa iPhone, Machi 2023. Sasa unawezekana, mradi mfumo uwe umewekwa kwenye skrini ya mwanzo.

#15 Stoo_Makorora
Mimi si fundi wala tajiri, ni mtunza stoo, na ninaandika kwa sababu sisi ndio tunaotumia mifumo hii. Simu yangu ina hifadhi ya GB 16, na nusu yake imejaa picha na video za magrupu ya WhatsApp ya ukoo na ya misiba. Bosi alipoleta programu ya kupakua, simu ilisema nafasi haitoshi. Nilifuta picha za harusi ya dada yangu ili niisakinishe. Mwezi uliofuata likaja sasisho, nafasi ikakosekana tena, nikafuta programu. Bosi alidhani ninakwepa kuhesabiwa mali. Hatukuelewana wiki nzima. Mnapopiga hesabu, wekeni na simu za wafanyakazi, au mtununulie.

#16 Mhasibu_Raskazone
Hoja ya #15 nimeipokea, na hesabu yangu ya #4 ina upungufu. Simu sita zikinunuliwa kwa 300,000 kila moja ni 1,800,000 ya ziada upande wa kupakua. Hata hivyo, kwa jinsi #10 na #11 walivyoeleza printa, huenda upande wa wavuti ukahitaji kununua printa za aina nyingine, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nyongeza hiyo inaangukia upande mmoja tu.

#17 Machungwa_Korogwe
Naomba niongeze jambo ambalo limenigharimu. Sisi tulisafirisha machungwa tukitumia programu ya Android iliyotengenezwa na fundi mmoja ambaye simtaji. Aliiweka Google Play kwa akaunti yake binafsi. Alipopata kazi mbali, akaacha kupokea simu, na sisi hatukuwa na akaunti, hatukuwa na msimbo wa programu, hatukuwa na ufunguo wa kusainia masasisho. Programu iliyotugharimu milioni tisa ilibaki jinsi ilivyo, na mwaka uliofuata tukaanza upya. Kwa wavuti, angalau jina la tovuti lingekuwa letu.

#18 FundiMifumo_Sahare
Pole sana. Nisahihishe kidogo kuhusu ufunguo: kwa programu mpya tangu Agosti 2021, ufunguo mkuu hutunzwa na Google, na ule wa kupakia ukipotea mwenye akaunti anaweza kuomba ubadilishwe. Lakini ni mwenye akaunti, na huo ndio msumari wa moto kwenye kidonda chenu. Akaunti iandikwe kwa jina la biashara tangu mwanzo. Kwa wavuti pia usijihakikishie mapema, kwa maana nimeona majina ya .co.tz yaliyosajiliwa kwa barua pepe ya fundi, na mwenye biashara akabaki anabembeleza vilevile.

#19 Kijana_Sahare_2
Mbona hakuna aliyetaja njia ya katikati? Kuna zana za Flutter na React Native, ambazo kwazo programu huandikwa mara moja na kutoa ya Android na ya iPhone. Fundi anayetaka milioni 9 zaidi kwa iPhone anaandika upya kila kitu wakati hakuna ulazima. Tena kwa vijana sita tu, Google Play ya nini? Faili la programu linatumwa kwa WhatsApp na kusakinishwa, kazi imekwisha.

#20 FundiMifumo_Sahare
La Flutter ni sahihi, na hupunguza sana nyongeza ya iPhone, ingawa haiifuti: Mac bado inahitajika, ada ya Apple ipo, na majaribio yafanywe kwenye simu zote mbili. La kutuma faili nimelifanya mimi mwenyewe, lakini lina mambo mawili. Kila sasisho lazima ulitume upya, na hutajua nani ametumia toleo gani. Pia Google ilitangaza Agosti 2025 kwamba programu zitakazosakinishwa kwenye simu zenye cheti chake, hata nje ya duka, zitoke kwa watengenezaji waliothibitishwa, kuanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Na anayefungua akaunti mpya ya binafsi Google Play ajue kwamba kabla ya kuchapisha atatakiwa kupata wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo.

#21 Kijana_Chumbageni
Kwa maelezo hayo, naona programu za kupakua zinakuwa kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Naomba Fundi asinichukie.

#22 Maziwa_Muheza
Yetu ya Muheza ina mwaka wa tatu na haijaondoka, kaka. Mpimaji ameliacha daftari nyumbani.

#23 Binti_Pangani
Jambo moja la haraka: majina na madeni ya wateja ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Hilo halichagui aina ya mfumo, lakini simu yenye madeni ya maduka themanini ndani yake ikiibiwa stendi, utataka kujua kama data ilikuwa imefungwa isisomeke na mwizi.

#24 DukaLaNgamiani
Nawashukuru nyote. Jana niliwaomba mafundi wote wawili wanichambulie bei zao kifungu kwa kifungu.

Wa wavuti ameandika: seva na hifadhidata 3,200,000, kurasa 2,300,000, mafunzo na kuingiza orodha ya wateja 1,000,000. Wa Android ameandika: seva na hifadhidata 3,800,000, programu yenyewe 5,600,000, kufanya kazi bila mtandao na kuoanisha data 2,400,000, mafunzo na kuipakia dukani 1,200,000. Kifungu cha kufanya kazi bila mtandao hakimo kabisa kwa fundi wa wavuti. Nilipomuuliza akasema hakukiweka kwa sababu sikukitaja, na akikiweka ataongeza 2,000,000. Kwa hiyo nilikuwa nalinganisha vitu viwili tofauti. Ulinganisho wa haki ni 8,500,000 kwa 13,000,000, na printa bado hajaijaribu.

Vilevile nimehesabu simu zetu. Ziko kumi na moja, na iPhone ni moja tu, nayo ni yangu.

#25 Mhasibu_Raskazone
Basi ile milioni tisa ya iPhone iondoke kwenye meza leo hii. Ripoti zako za madeni utazisoma kwenye kivinjari.

#26 Maziwa_Muheza
Hapo mhasibu amesema programu ya kupakua kwa vijana na wavuti kwa mwenye duka. Je, hizo kurasa za ripoti zimo ndani ya ile 13,000,000, au ni bei nyingine?

#27 DukaLaNgamiani
Hazimo. Nimempigia sasa hivi. Anasema 1,500,000.

#28 Binti_Pangani
Kwa hiyo ni 14,500,000 kwa 8,500,000. Dada, kabla hujaamua, mpeleke fundi wa wavuti na ile printa mpaka njia ya Pangani, pale mtandao unapokatika, achukue oda tatu na atoe karatasi tatu. Nitakuwa ghalani Jumamosi, mkitaka kuujaribu na wangu karibuni.